Ukishaingia shambani, waruhusiwa kupanda nini?

Swali lenu la wiki liliuliza: ardhi ya kilimo ikishafungwa kisheria isijengwe, itabakije kwa bei anayoimudu mkulima anayeanza? Mkatoa mfano wa Vermont, Marekani, ambako shamba lililofungwa hivyo bado lilinunuliwa na wenye pesa zao kwa ajili ya mandhari, si kulima, hadi shirika linalolinda mashamba likajiwekea haki ya kulinunua kwa bei ya kilimo endapo mnunuzi si mkulima.

Nilisoma hayo nikiwa sokoni Kongowea, mafungu ya mchicha mbele yangu, na tangu siku hiyo sijatulia. Ardhi iliyofungwa sisi Mombasa tunayo tangu enzi za mababu. Ni wakf, mali ambayo Mwislamu ameitoa kwa ajili ya Mungu: haiuzwi, haipewi mtu, hairithiwi. Aliyeiweka alilimaliza suala la bei siku ile ile, na bado vijana wa Kisauni hawalimi. Kwa hivyo mniwie radhi, nitajibu swali langu: ukishaingia shambani, waruhusiwa kupanda nini?

Nilikuwa na miaka 24. Mamangu mdogo alinipeleka Mwakirunge kwa mzee mmoja aliyeangalia wakf ya jamaa fulani, sitawataja. Tulikaa chini ya mwembe, tukapewa maji, nikapewa robo ekari kwa kodi ndogo ya kila mwezi. Hakuna karatasi. Sharti lilikuwa moja: "Panda mchicha, panda mahindi, panda muhogo. Mti usipande."

Wenyeji hawahitaji kuelezwa. Kama vile Majengo mtu anavyomiliki nyumba juu ya ardhi ya mwenzake na kulipa kodi ya ardhi, shambani nako mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Baada ya ile sheria ya hati za ardhi ya 1908, watu wengi wa pwani walijikuta wanaitwa maskwota mahali walipozaliwa, na alichobaki nacho mtu cha kuonyesha kwamba babu yake aliishi pale ni minazi. Mzee alilijua hilo kuliko mimi.

Mwaka wa tatu nilikuwa nimechimba kisima kwa pesa zangu, maji yana chumvi kidogo lakini mchicha uliyakubali. Nikaona hapa ni kwangu. Nikachukua nazi iliyoota kwa bibi yangu, nikachimba shimo la kufika magotini nyuma ya migomba, pembeni pasipoonekana kutoka njiani. Nikatia jivu na gao la chumvi ya mawe kama nilivyomwona bibi akifanya. Nikaumwagilia kabla ya kumwagilia mboga, kila asubuhi. Majani ya mnazi mchanga hayajachanika, yamekaa mazima kama upepeo, na nilikuwa nikiyapangusa vumbi kwa kanga. Yalipofika kiunoni nikaanza kuhesabu: miaka sita, saba, nitaangusha nazi za kwanza, mtoto wangu atakuwa darasa la pili.

Asubuhi moja mzee akaja na kijana wake. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya mamangu mdogo, kisha akaenda moja kwa moja nyuma ya migomba. Akaushika mnazi shinani.

"Huu una muda gani?"

"Haujamaliza mwaka, baba."

Ulikuwa umemaliza. Hakunigombeza. Alimwambia kijana achimbe kwa mbali asikate mizizi, na yule kijana alichukua muda mrefu, mimi nimesimama na ndoo mkononi. Mnazi ukatoka na kifuu chake chakavu kingali kimeshikana na mizizi. Mzee akanipa kwa mikono miwili. "Kaupande kwenu, mwanangu."

Kwetu kulikuwa chumba cha kupanga, orofa ya pili. Niliupakata ndani ya matatu, udongo ukinimwagikia miguuni, abiria wakinisogelea waone ni nini. Niliuweka kwenye ndoo ukumbini. Ulikauka kabla ya mvua za vuli.

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa tayari. Mchicha ni wiki tatu. Anayeruhusiwa kupanda cha wiki tatu hanunui samadi ya kutosha kwa sababu atakayefaidi ni mwingine. Mpeni mkulima mkataba wa miaka thelathini, mti uwe wake, na mumwache huru. Hilo ndilo nililokaa kuwaandikia.

Lakini kuna jambo niliruka hapo juu, na nikiliacha nitakuwa nimewadanganya kama nilivyomdanganya mzee. Miaka miwili baadaye dalali alinifuata kisimani. Kulikuwa na mtu anataka nafasi yangu, atanipa kilemba nimwachie. Pesa yenyewe ilizidi mchicha wa mwaka mzima. Nililala siku mbili nikihesabu, ya tatu nikapokea. Leo pale panafyatuliwa bloku. Sikuwa hata na mti mmoja, na niliuza nafasi ya wakf. Ningekuwa na minazi kumi na miwili, ningemtajia dalali bei ya kila shina, na anayeweza kulipa bei hiyo si kijana wa jembe.

Basi nabadilisha jibu langu, kwa uzito. Mkulima aruhusiwe kupanda miti, ila afungwe na sharti siku ya kutoka. Wajuao minazi wahesabu mashina, alipwe haki yake na wenye ardhi, kisima chake kihesabiwe pia, na asichague anayemfuata. Wale wa Vermont naona waliliona hilo. Hapa kwetu, shamba la Waitiki kule Likoni lilipogawiwa maskwota waliokuwa wakiishi humo, hati zikatolewa 2016, mabishano niliyoyasikia yalikuwa juu ya zile shilingi 182,000 walizotakiwa kulipa kwa kila ploti. Yalikuwa mabishano ya haki, watu walikuwa wameteseka. Nani atalima baada yao, sikumsikia mtu akiuliza.

Haya nayasema kwa masharti. Mwenye kuangalia ardhi naye afungwe na sharti, maana kizuizi cha mkulima peke yake kitamlisha mwangalizi mwenye tamaa. Mjane na mgonjwa wasitolewe kwa haraka. Na sijakubali kwamba mnazi wangu ulistahili kung'olewa. Mzee angeweza kuuandika kwenye karatasi, tukatia sahihi sote wawili, ukabaki.

Sharti kama hilo lingekuwapo mwaka ule ningelia nalo, kwa sababu kilemba kile ndicho kilicholipa karo. Lakini robo ekari ile ingekuwa na mtu, na saa kumi za alfajiri angekuwa anapanga mafungu yake karibu na yangu hapa Kongowea.

Msomaji, Kisauni