Jibu: Wahudumu wa Rungwe kuona wanachama wa Mufindi kwenye CiviCRM

Kamwene ndugu. Umesema umeweka ACL (kanuni za nani aone au ahariri kumbukumbu zipi) kwenye CiviCRM, programu ya kutunza kumbukumbu za wanachama, ila wahudumu wa Rungwe bado wanafungua kumbukumbu za wanachama wa Mufindi.

Kabla hujagusa ACL tena, nenda kwenye ruhusa za CiviCRM ndani ya WordPress, mfumo wa tovuti ambamo CiviCRM inakaa. Kwa jukumu walilopewa wahudumu hao, toa tiki kwenye "view all contacts" na "edit all contacts". Tiki hizo zikibaki, kila kitu kiko wazi, maana ACL ya kuruhusu huongeza tu, haimnyang'anyi mtu alichokwisha kupewa. "Access CiviCRM" iache, bila hiyo hawaingii kabisa.

Halafu kagua makundi, hapa ndipo wengi hukwama. Yanatakiwa mawili tofauti: la wahudumu, lenye tiki ya aina ya "Access Control", na la wanachama wa Rungwe, ambalo ni kundi la kawaida. Kundi la wahudumu liunganishe na jukumu la ACL (hili si lile la WordPress, usiyachanganye!), kisha andika kanuni: jukumu hilo, kitendo "Edit", kwa kundi la wanachama wa Rungwe. Mufindi nao vivyo hivyo.

Usijaribu kwa akaunti yako ya msimamizi, utaona wote na kudhani imeshindikana. Ingia kama mhudumu, tafuta jina la mwanachama wa Mufindi. Akitokea bado, safisha kashe (nakala za muda) ya CiviCRM urudie.

CiviCRM yako iko ndani ya WordPress kweli, au Drupal, mfumo mwingine wa tovuti? Huko ruhusa zinakaa ukurasa mwingine.