Jibu: Kisima chetu Kisauni kimeingia chumvi

Salaam dada. Umeuliza kama kuchemsha kutatoa chumvi kwenye maji ya kisima cha plotini, maana mitungi ya mkokoteni inawamalizia pesa. Haitatoka. Moto unaua vijidudu tu. Chumvi inabaki sufuriani, na maji yakipungua inazidi.

Angalia kwanza pampu. Huku pwani maji matamu ya ardhini yamekalia yale ya bahari, na yakivutwa kwa nguvu, ya chumvi yanapanda. Kwetu Likoni mwenye nyumba alifunga pampu ya umeme, kiangazi kikaingia, chai ikawa hainyweki. Tuliporudia ndoo, asubuhi na jioni, chumvi ilipungua, ingawa ladha ya zamani haikurudi. Kisima chenu sijakiona, lakini hata pampu ya jirani yatosha kuwaharibia.

Hayo ya kisima yawe ya kufua na choo. Pesa ya mkokoteni iende kwa maji ya kunywa na kupikia peke yake, na muyatie dawa hata muuzaji akiapa ni ya mfereji.

Kinachonihuzunisha ni paa kumwaga maji bure. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya mabati ni lita 1. Paa la mita 20 za mraba likipata milimita 10, ni karibu lita 200, yaani mitungi 10 ambayo hamkununua. Ya mwanzo mwageni, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Mwombeni mwenye nyumba gata na pipa lenye kifuniko cha kuzuia mbu, kabla ya mvua za Mei.