Barua kwa mwanangu: Kuhusu Grand Portage

Mwanangu,

Umeniuliza kama inafaa kuendesha gari saa tano kutoka Minneapolis kuwapeleka wajukuu wangu Grand Portage, kile kituo cha zamani cha biashara ya ngozi za wanyama kule Minnesota ambacho sasa ni makumbusho, maana mwenzako kazini amekwambia majengo ya pale ni ya kuigiza tu. Hajakudanganya. Ule ukumbi mkubwa wa Kampuni ya North West, iliyofanya biashara hiyo ya ngozi, ulipojengwa upya mara ya kwanza, radi iliuteketeza mwaka 1969, wakaujenga tena.

Nendeni tu. Njia haikuigizwa. Inaanzia ufukoni mwa Ziwa Superior, inapanda msituni kilomita 14 hivi mpaka Mto Pigeon, kwa sababu huku chini mto una maporomoko ambayo mtumbwi hauwezi kupita. Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, waliitumia kabla Mzungu hajafika. Baadaye, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1800, vibarua Wafaransa wa Kanada walipandisha blanketi na baruti, wakateremsha ngozi za biva, yule mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa, zikatengenezewe kofia za mabwana wa Ulaya. Kofia, mwanangu! Furushi moja lilikuwa kilo 41, na kwa kawaida mtu alibeba mawili kwa mkupuo, mkanda umemkaza kwenye paji la uso kama nyanya yako alivyobeba kuni.

Kwenye banda la mitumbwi usiwaharakishe watoto. Waonyeshe magome ya mti yalivyoshonwa kwa mizizi, na mishono ilivyozibwa kwa utomvu mweusi. Ufundi huo ni wa Waojibwe, na kampuni isingefika popote bila wao. Tena usiwasimulie watoto kana kwamba watu hao walikwisha. Wapo, kijiji chao ni hapo hapo. Ardhi ya makumbusho ni wao walioitoa kwa serikali mwaka 1958, na leo wanaiendesha pamoja na idara ya hifadhi za taifa.

Kiingilio hakuna. Majengo hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo msiende Desemba halafu mnilaumu. Mwezi wa nane kuna sherehe na ngoma za wenyeji, ndipo mimi ningeenda, ila hoteli hujaa. Wekeni nafasi mapema. Njia yote watoto hawataiweza, tembeeni nusu saa mrudi. Dawa ya mbu bebeni ya kutosha. Na paspoti pia, mpaka wa Kanada uko karibu sana na mume wako namjua, akiuona atataka kuvuka.

Mama yako