Barua kwa mwanangu kabla ya intavyu ya Alhamisi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku Umoja hatujambo. Mama yako yuko kwenye mashine tangu asubuhi, ana oda ya sweta za shule. Ujumbe wako nimeusoma. Umeitwa intavyu Upper Hill, hapa hapa Nairobi, na unauliza iwapo uwaambie kwamba una mtoto wa miezi minane au unyamaze mpaka wakupe barua ya kazi. Umetaka jibu la neno moja. Wanijua, neno moja sina.

Kuna jambo ambalo hatujawahi kuwasimulia vizuri. Mnajua tu kwamba baba aliajiriwa stoo na mama "akakosa". Alikosaje, hamkuambiwa.

Ilikuwa 1993. Kaka yako alikuwa na miezi saba, na bei ya unga ilikuwa haishikiki. Kiwanda kimoja cha barabara ya Lunga Lunga kilitangaza nafasi za makarani, tukaomba sote wawili. Vyeti vya mama yako vilikuwa bora kuliko vyangu, hasa hesabu. Tukaitwa siku moja, mimi asubuhi, yeye saa nane mchana. Jirani aliyeahidi kutushikia mtoto alifiwa usiku huo, basi tukatoka Jericho kwa miguu na kaka yako mgongoni, kafungwa leso.

Mimi niliingia nikakuta wanaume watatu. Yule wa katikati akaniuliza kama nina familia. Nikasema nina mke na mtoto mmoja. Akawageukia wenzake: "Huyu atatulia. Mtu mwenye mtoto haachi kazi ovyo."

Mama yako alikuwa ameamua kama unavyotaka kuamua wewe. Asipoulizwa hasemi. Akaniachia mtoto kwenye benchi, akaingia. Kaka yako alitulia kidogo akitafuna pembe ya bahasha yangu ya vyeti, kisha akaanza kile kilio cha njaa. Nikampakata, nikamwimbia, nikatembea naye mpaka langoni na kurudi. Wapi! Na ule mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Wewe sasa ni mama, sina haja ya kukueleza maziwa hufanya nini mama akisikia mwanawe analia. Blauzi yake ilikuwa ya samawati, ikaloa mbele ya wale wanaume watatu.

Hapo ndipo yule wa katikati akauliza, "Kumbe una mtoto mchanga? Akiugua itakuwaje?"

Mama yako akamjibu, "Atauguzwa. Babake ndiye anayembembeleza hapo nje, mmeongea naye asubuhi. Yeye mlimwuliza akiugua itakuwaje?"

Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo najisikia mtu mwenye bahati kwa kumwoa. Halafu naikumbuka barua. Tuliisubiri kwa sanduku la posta la mjomba wako, na ilikuja moja tu, yenye jina langu.

Mtoto ni yule yule, meza ni ile ile. Mimi alinipa kazi, mama yake akamkosesha. Ningeikataa? Nimejiuliza hilo miaka yote. Ningeikataa tungekula nini? Mama yako mwenyewe ndiye aliyenipigia pasi shati la siku ya kwanza, na karo zenu zilitoka kwenye ile stoo kabla ya mashine yake kuanza kuleta kitu. Najua. Lakini kila mwisho wa mwezi nilipotia sahihi kupokea mshahara nilijua hesabu zile angezifunga yeye haraka kuniliko.

Ndiyo maana nasema mtoto hafichwi. Nimewaambia tangu mko wadogo na sitaacha.

Lakini ngoja. Kutofichwa si kutangazwa. Mume wako alipokwenda intavyu mwaka jana hakuuliza mtu swali hili, wala halikumpitia akilini. Kwa nini wewe uingie ukiwa umebeba maelezo ambayo hawakuyaomba? Hapo nakaribia kukwambia unyamaze.

Tena sheria si ile ya wakati wetu. Wakati ule mama alipewa miezi miwili ya uzazi, na akiichukua likizo yake ya mwaka imepotea. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi mitatu kwa mshahara kamili na likizo yake inabaki. Inakataza pia kumbagua hata mtu ambaye ndiyo kwanza anaomba kazi, kwa sababu ya jinsia, ujauzito au hali ya ndoa. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inasema hivyo hivyo. Nimeisoma mara mbili tangu jana. Mtoto aliyekwisha kuzaliwa hakutajwa kwa jina, ila orodha yenyewe haikufungwa. Na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na mahali pa mama kunyonyesha au kukama maziwa. Laiti mama yako angekuwa na chumba kama hicho siku ile!

Ila sheria haiketi ndani ya chumba cha intavyu. Barua ya "tunasikitika" haiandiki sababu. Hapo narudi upande wa pili: ukinyamaza ukapata, halafu yaya asitokee Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, utakuwa unaomba ruhusa kwa watu ambao hujui wanamwonaje mtoto wako. Si bora uwajue mapema? Utaniambia kodi ya nyumba haingojei kuwajua watu. Ni kweli, haingojei.

Nilitaka kukwambia la kufanya. Nimeliandika, nikalifuta. Mama yako amepita nyuma yangu akasema, "Mwache, anajua kujibu." Basi nakuachia, ingawa kwa shingo upande. Moja tu sikuachii: wakikuuliza, usidanganye, na usiombe radhi. Waambie unaye, waambie analelewa na nani, kisha mrudi kwenye kazi.

Mama yako atakuja kwako Jumatano jioni alale huko. Kama maziwa, uyaache kwenye friji na uandike saa juu ya chupa, maana safari iliyopita tulibahatisha. Na ukitoka mpigie yeye kwanza. Atataka umwambie swali lilivyoulizwa, neno kwa neno.

Babako