Uliimba kwaya nyumbani? Huku Marekani tafuta kundi la babashopu

Ndugu zangu mnaohamia Marekani, swali ninaloulizwa mara nyingi ni kanisa lipi lina kwaya ya Kiswahili. Nikilijua ninalitaja. Halafu huwa naongeza jambo ambalo wengi hawakulitegemea: tafuta pia kundi la babashopu katika mji wako, nenda siku ya mazoezi, usimame nao uimbe. Mimi nimelelewa katika kwaya ya Kimoraviani kule Mbeya, kwa solfa (do, re, mi) iliyoandikwa ubaoni na mwalimu asiyekubali mtu abahatishe noti. Tangu nije Ohio, hakuna kilichonirudishia raha ya sauti nne kama kundi langu la babashopu. Basi nieleze ni kitu gani, na namna ya kuingia bila kuhangaika.

Babashopu ni uimbaji wa sauti nne bila ala yoyote. Unaweza kuimbwa na watu wanne tu, au na kwaya ya watu ishirini, hata mia moja. Jina linatokana na vibanda vya vinyozi, kwa Kiingereza barbershop, ambako zamani wanaume walikuwa wakingoja zamu huku wakitafuta sauti kwa masikio. Sauti zenyewe huitwa teno, lidi, baritoni na besi, na majina ni hayo hayo hata kwenye makundi ya wanawake. Hapa ndipo mtu wa kwaya ya kanisani anapopaswa kujipanga upya. Kwetu wimbo hubebwa na sauti ya kwanza, wengine wakijaza chini yake. Huku wimbo hubebwa na lidi, ambayo ni sauti ya pili kutoka juu. Teno inaimba juu ya lidi kwa wepesi, bila kuifunika. Besi ndiyo msingi. Baritoni inachukua noti iliyobaki, mara chini ya lidi, mara juu yake, na ukiiimba peke yako jikoni hakuna atakayetambua ni wimbo gani.

Kordi ni noti kadhaa zinazosikika kwa pamoja, na inayopendwa kuliko zote, kwa lugha ya solfa, ni do, mi, so na ta. Ndiyo, ile ta tuliyofundishwa, ti iliyoshushwa. Sauti hizo nne zikikaa sawasawa, mitetemo yake huwa katika uwiano wa 4 kwa 5 kwa 6 kwa 7. Kinanda hakiwezi kuutoa uwiano huo, kwa sababu noti zake zimegawanywa sawa ili zifae katika kila ufunguo. Mi ya kinanda iko juu kidogo ya inapotakiwa, na ta iko juu zaidi, karibu theluthi ya nusu toni, ile hatua ndogo kabisa ya kinanda. Watu wanaosikilizana wanaweza kuzishusha mpaka zikae. Zikishakaa unasikia sauti ya tano juu ya vichwa vyenu, nyembamba na safi, ambayo hakuna aliyeiimba. Sababu yake inajulikana: kila sauti ya mtu hubeba ndani yake sauti nyingine ndogo za juu, na uwiano ukiwa sahihi zile za juu zinakutana mahali pamoja na kutiana nguvu. Wenyewe husema kordi imelia. Ukiisikia mara ya kwanza ukiwa katikati ya safu, mwili unasisimka, na wiki nzima inayofuata utakuwa unaitafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote: nenda ukiwa tayari kusikiliza kuliko kuimba. Kwaya zetu nyingi zinapenda sauti iliyojaa na mtetemo mpana, yaani sauti inayoyumba juu na chini ya noti, na nyumbani inafaa, kwa sababu mnafukuzana na ngoma, kinanda na spika. Huku mtetemo mpana unaivunja kordi. Imba kwa sauti iliyonyooka, na ukijisikia mwenyewe kuliko unavyomsikia jirani yako, punguza. Kama ulikuwa mwimbishaji nyumbani, usikimbilie lidi kwa sababu tu ndiyo yenye wimbo. Waache wakusikie, wakuweke. Mimi wameniweka baritoni, na sasa sibadilishani na mtu. Mara nyingi kordi haijakamilika mpaka baritoni aitie noti yake.

Jambo la pili ni irabu, na hapa sisi tuna mtaji. Nguvu ya kordi iko kwenye irabu, na watu wakiimba irabu tofauti hata noti zikiwa sahihi haitalia. Mwalimu wa babashopu anaweza kutumia nusu saa nzima kwenye neno moja, akiwataka watu thelathini waifungue midomo kwa umbo moja. Irabu za Kiswahili ni tano na kila moja inabaki vilevile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wamarekani wengi wakiongea hutelezesha irabu, wanaanza na e wakaishia na i, wanaanza na o wakaishia na u. Katika kuimba wanatakiwa washike ile ya kwanza kwa muda wote wa noti, kisha wateleze mwishoni kabisa, wote kwa pamoja. Kuishika sisi tunajua tangu utotoni. Tunachotakiwa kujifunza ni ule mtelezo wa mwisho, tusiurushe kabla ya mkono wa mwalimu wala tusiuache kabisa. Jihadhari pia na desturi yetu ya kumalizia neno la Kiingereza kwa irabu yetu. Konsonanti ya mwisho inakatwa pamoja na wenzako, kavu, bila kitu nyuma yake.

Jambo jingine ni mapigo. Kwetu kwaya inatembea kwa mdundo, hata miguu inajua iko wapi. Babashopu ina nyimbo za mwendo, lakini nyimbo zake za polepole hazifuati mdundo hata kidogo. Mwalimu anarefusha neno, anasimama, anakimbilia mstari unaofuata kama mtu anayesimulia. Usihesabu. Mtazame mkono na uso. Ndiyo maana hakuna karatasi jukwaani: kila mtu ameshika wimbo kichwani ili macho yawe kwa mwalimu.

Kushika kichwani si kugumu kama unavyoogopa. Kundi litakupa rekodi za kujifunzia, ambazo sauti yako iko upande mmoja wa spika za masikioni na zile nyingine tatu upande wa pili. Unasikiliza ukienda kazini, na ukishaizoea unazima upande wako na kuimba na wale watatu. Karatasi zenyewe zimeandikwa kwa nota za mistari. Usitishike. Mistari ya juu ina teno na lidi, vijiti vya noti za teno vikielekea juu na vya lidi chini. Mistari ya chini ina baritoni na besi kwa utaratibu huo huo. Tafuta do, kisha andika solfa yako kwa penseli chini ya maneno. Kuipata do tumia kanuni ambayo walimu wetu walitukaririsha: kati ya alama zilizo mwanzoni mwa mistari, ya flati iliyo mwisho upande wa kulia ni fa, ya shapu ni ti. Wenzangu kadhaa Wamarekani hawakuwahi kuisikia kanuni hii, wakaipenda.

Sasa niseme kuhusu historia, kwa sababu Mwafrika anayeingia ukumbini na kukuta safu ya wazee weupe atajiuliza kama amekosea mlango. Hukukosea. Muziki huu una mizizi kwa watu weusi wa Marekani. James Weldon Johnson, mwandishi aliyekulia Jacksonville, Florida, aliandika zamani kwamba kila kibanda cha kinyozi kilikuwa kama kina kundi lake la watu wanne. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta maarufu wa jazi, akiwa mtoto aliimba katika kundi la namna hiyo kwenye mitaa ya New Orleans. Mwaka 1992 mtafiti Lynn Abbott alichapisha makala iliyokusanya ushahidi huo, na tangu hapo imekuwa vigumu kwa mtu makini kuukana.

Lakini chama kikubwa cha muziki huu, kile kinachoitwa leo Barbershop Harmony Society, kilichoanzishwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1938 na Owen Cash na Rupert Hall, kiliwafungia nje wanaume weusi mpaka 1963. Mwaka 1941 kundi la watu weusi, Grand Central Red Caps, wachukuzi wa mizigo wa stesheni ya New York, walishinda mashindano ya mji wao wakazuiwa kwenda kwenye yale ya taifa. Wakubwa wawili wa New York, Al Smith aliyewahi kuwa gavana na Robert Moses aliyekuwa mkuu wa bustani za mji, walijitoa chamani kwa ajili hiyo. Upande wa wanawake, Sweet Adelines iliyoanza 1945 nayo iliweka ubaguzi katika kanuni zake, na baadhi ya wanachama wakaondoka na kuunda Harmony, Inc. mwaka 1959. Nawaambia haya ili muyajue kabla ya kuingia. Huu ni muziki ambao waliouanzisha walinyimwa kiti, na sisi tukiingia leo tunaingia kwa haki. Kundi langu linayazungumza wazi, na wazee wengi pale wanayaonea uchungu. Ukikuta kundi lisilotaka hata kuyasikia, tafuta jingine. Yapo mengi.

Kuhusu kulipata: tovuti ya chama ina sehemu ya kutafuta makundi kwa mji. Dada zangu, mna milango zaidi. Sweet Adelines na Harmony, Inc. ni za wanawake, na tangu 2018 Barbershop Harmony Society nayo inapokea wanawake kuwa wanachama kamili, kwa hiyo kuna makundi ya wanaume, ya wanawake na ya mchanganyiko. Karibu yote yanapokea wageni siku ya mazoezi ya kawaida, jioni moja kwa wiki, mara nyingi katika ukumbi wa kanisa au shule. Utawekwa karibu na mtu mwenye sauti kama yako aliye imara, utapewa nakala, na hakuna atakayekuita mbele. Majaribio ya sauti huja baadaye ukishaamua. Ada ipo, sare ipo. Uliza mapema, na uliza pia kama kuna sare ya kuazima. Wanaofanya kazi za zamu kama mimi, mwone msimamizi wako upange jioni ile iwe huru kabla hujajiunga, kwa sababu kundi la sauti nne linaumia mtu akikosekana mara kwa mara.

Mazoezi yakiisha usikimbilie gari. Hapo ndipo penyewe. Watu wanasimama wannewanne pembeni na kufundishana vimkia, yaani vipande vifupi vya mwisho wa wimbo, kwa masikio tu, sauti moja baada ya nyingine. Kimkia hakichukui hata dakika moja na kina kordi zote tamu. Urafiki wangu wa huku umezaliwa humo kuliko mahali pengine popote. Adabu yake ni moja: wanne wakiwa wanaimba, wewe wa tano sikiliza. Wakimaliza, omba nafasi, watakupa.

Mwaka wa kundi una mzunguko wake. Kuna onyesho la mwaka, nyimbo za Krismasi, nyumba za wazee, wimbo wa taifa uwanjani kabla ya besiboli. Tarehe 14 Februari makundi ya watu wanne huzunguka mji mzima wakiwaimbia watu walioagiziwa wimbo na wapenzi wao, ofisini, darasani, hata hospitalini, na ua la waridi mkononi. Nenda walau mara moja. Nimeona mume wa miaka mingi akilia mbele ya wafanyakazi wenzake.

Mashindano nayo yapo. Majaji wanapima muziki wenyewe, uimbaji, na namna mnavyouwasilisha wimbo kwa mwili na uso. Hilo la mwisho watu wa kwaya zetu tunaliweza sana, kwani kucheza huku unaimba hakutushindi. Nyimbo za dini kwa kawaida hazipelekwi mashindanoni, kwa hiyo usivunjike moyo. Zinaimbwa kwenye maonyesho, na siku moja wataomba uwafundishe wimbo wa Kiswahili. Chagua mfupi, uliouelewa sauti zote nne, na uwaandikie maneno yenye irabu wazi wazizoee kabla ya noti.

Kama unaweza, anza vuli, Septemba au Oktoba, makundi mengi yanapoanza nyimbo za Krismasi. Nyingi utakuwa unazifahamu tayari kwa Kiswahili, na baadhi ya makundi huwakaribisha wageni kuimba msimu huo tu bila kuwa wanachama. Piga simu kabla ya kwenda, wataje sauti uliyokuwa unaimba nyumbani, na uulize mlango upi wa ukumbi unaoachwa wazi usiku, maana mara nyingi ni ule wa nyuma.