Utamu na uchungu wa kazi ya programu hapa Dodoma

Dada, umeuliza kama mdogo wako aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aikubali ile kazi ya kampuni ya programu za kompyuta. Mimi niko mwaka wa nne kwenye kampuni ya namna hiyo hapa mjini.

Ninachopenda kuliko vyote ni kuona kazi ya mikono yangu ikitumika. Siku moja nilipanga foleni zahanati, binti wa mapokezi akafungua ukurasa nilioutengeneza mwenyewe. Mama aliyekuwa mbele yangu akapatikana kwa namba ya simu tu, bila mtu kupekua mafaili. Nilitoka pale kifua mbele. Halafu unafundishwa kweli: wakubwa wanakaa nawe na kupitia kazi yako mstari kwa mstari.

Kinachoumiza ni usiku. Mfumo ukianguka saa nane za usiku unaamshwa, na saa mbili asubuhi uko mezani kama kawaida. Miaka miwili nilifanya hivyo bila kulipwa hata senti ya ziada, kwa sababu sikujua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa angalau mara moja na nusu. Likizo ni siku 28.

Mshahara nao huchelewa wateja wasipolipa.

Asisaini kabla ya kuuliza zamu za usiku zinalipwaje. Akipenda, aje na mkataba Jumamosi tuusome pamoja.