Hifadhi kwanza, omba baadaye: kwa anayetaka kukaa dawati la mawasiliano la makosa ya mtandao

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mpelelezi kijana wa huku Pwani, ambaye aliwahi kuhudhuria mafunzo niliyokuwa nikitoa kabla sijaacha utumishi wa umma. "Shikamoo mwalimu," aliandika, "tumeiandikia kampuni ya barua pepe ya Marekani tukiomba ujumbe wote wa mtuhumiwa, na mpaka leo hawajajibu hata neno. Je, hawa watu wanatudharau?" Mwishoni akaongeza kwamba inatarajiwa kutangazwa nafasi katika dawati la mawasiliano ya kimataifa, akataka kujua kama aiombe. Nimekwisha kumjibu faraghani, lakini maswali yake ni ya wengi wenu, kwa maana sidhani kama kuna mpelelezi, mwendesha mashtaka au mtaalamu wa usalama wa mifumo asiyetamani siku moja kukaa kwenye dawati ambalo simu yake ikilia usiku, anayepiga ni nchi nyingine.

Hawamdharau. Sheria ya Marekani haiiruhusu kampuni ya huko kuikabidhi serikali ya kigeni maudhui ya barua pepe za mteja pasipo amri ya mahakama ya Marekani, isipokuwa katika hali chache mno, kama vile maisha ya mtu yanapokuwa hatarini au nchi hizo mbili zinapokuwa na mkataba maalumu wa jambo hilo. Barua yake ilitumwa kwa anwani ya huduma kwa wateja, ikaomba kila kitu, wala haikusema ni kosa gani linalochunguzwa. Barua ya namna hiyo hata mimi nisingeijibu.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba zipo njia mbili, na kila moja ina kazi yake. Njia ya kwanza ni ya Mamlaka Kuu, yaani ofisi ambayo nchi imeiteua kupokea na kupeleka maombi rasmi ya usaidizi wa kisheria. Kwetu Kenya, chini ya Sheria ya Usaidizi wa Kisheria ya mwaka 2011, kazi hiyo ni ya Mwanasheria Mkuu. Njia hii ndiyo inayoleta ushahidi unaoweza kusimama mahakamani, na huenda kwa mwendo wake wenyewe, ambao mara nyingi ni wa miezi. Njia ya pili ni ya ofisi ya mawasiliano inayopatikana saa 24 kwa siku, siku 7 kwa wiki, ili kuomba haraka data zisifutwe wakati ombi rasmi likiandaliwa. Mataifa manane yenye viwanda vikubwa, yaliyokuwa yakiitwa G8, yaliuanzisha mtandao wa ofisi za aina hiyo mwaka 1997, kisha Mkataba wa Budapest, yaani mkataba wa Baraza la Ulaya kuhusu makosa ya mtandao, uliofunguliwa kutiwa saini tarehe 23 Novemba 2001, ukaufanya kuwa wajibu wa kila mwanachama katika kifungu cha 35. Sheria yetu ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018 nayo inaitaka Mamlaka Kuu, katika kifungu cha 65, kuhakikisha kwamba chombo cha upelelezi kinateua ofisi ya namna hiyo. Mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa dhidi ya makosa ya mtandao, ambao ulipitishwa Desemba 2024 na kufunguliwa kutiwa saini Hanoi mwezi Oktoba 2025, umeweka mtandao wake katika kifungu cha 41. Kwa hiyo kazi hii haipungui, inaongezeka, na vijana wenye akili waanze sasa kujiandaa nayo.

Katika miaka yangu yote ya upelelezi, kesi ninayoionea fahari ni ya ankara. Mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuwa akiagiza vipuri vya magari kutoka Dubai alipokea barua pepe kutoka kwa muuzaji wake wa siku zote, ikimwarifu kwamba benki imebadilika na malipo ya kontena yatumwe kwenye akaunti mpya. Ankara ilikuwa na nembo ileile, saini ileile, hata ile tabia ya muuzaji ya kumwita "ndugu yangu" kabla ya kutaja bei. Kilichobadilika kilikuwa herufi moja tu katika anwani, ambapo "l" ilikuwa imeondolewa na mahali pake kuwekwa tarakimu 1. Alilipa. Muuzaji wa kweli alipopiga simu kuulizia malipo yake, ilikuwa Ijumaa jioni, na mlalamishi akaja kwetu akiwa ameshika simu mkononi kama mtu aliyetoka msibani.

Upande wa fedha sitausimulia kwa urefu, kwa kuwa haukuwa wetu. Fedha hufuatwa kupitia benki yenyewe, inayopaswa kuomba malipo yasimamishwe mara moja, na kupitia kituo cha taarifa za fedha cha nchi. Siku hizi Interpol nayo ina utaratibu uitwao I-GRIP, ulioanza mwaka 2022, wa kuzuia malipo ya wizi kabla hayajatolewa. Msimwache mlalamishi aondoke bila kumwambia hayo, lakini msidhani kwamba dawati la mawasiliano ndilo litakalomrudishia hela zake.

Letu sisi lilikuwa kisanduku cha barua pepe cha tapeli, ambacho kilikuwa kwa kampuni ya Marekani. Niliandika usiku huohuo ombi fupi, lisilozidi kurasa mbili, na sikuomba nipewe chochote. Niliomba tu kwamba data zilizopo zishikwe zisifutwe, wala tapeli asipate nafasi ya kuzifuta, wakati ombi rasmi likiandaliwa. Ombi likapita katika dawati letu na kufika katika kitengo cha makosa ya kompyuta cha Idara ya Sheria ya Marekani, ambacho ndicho kinachopokea simu hizi kwa upande wao. Kabla ya adhana ya alfajiri jibu lilikuwa limefika: data zimehifadhiwa, hii hapa nambari ya rejea, tunasubiri ombi lenu rasmi. Ombi hilo rasmi hushughulikiwa na ofisi nyingine kabisa ndani ya Idara hiyohiyo, kwa hiyo hata kwao njia ni mbili.

Miezi ilipita katikati. Kumbukumbu za kuingia katika kisanduku zilipokuja hatimaye, zilituonyesha kwamba aliyekuwa akiingia katika kisanduku kile alitumia intaneti ya simu ya hapahapa nchini, na alikuwa akiishi safari ya matatu moja kutoka ghala la mlalamishi. Wizi wa Mombasa, mwizi wa Mombasa, aliyeibiwa wa Mombasa, na ushahidi uko bara jingine. Anayedhani kwamba ofisi hizi ni za kesi kubwa za kimataifa peke yake hajaielewa kazi yenyewe.

Sasa niwape jambo moja ambalo hamtalipata katika semina za hotelini. Mlalamishi alisema katika maelezo yake kwamba barua ya udanganyifu iliingia saa mbili usiku. Karani aliyeyaandika maelezo yale kwa Kiingereza akaweka 0200hrs, na rasimu ya ombi rasmi ikaibeba saa hiyo jinsi ilivyo. Niliigundua kwa sababu nina desturi ya kufungua kichwa cha barua pepe, ile mistari ya kiufundi ambayo wengi huipita, na pale palikuwa pameandikwa 17:04 +0000. Saa kumi na moja jioni na dakika nne kwa saa za kimataifa ni saa mbili na dakika nne usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Lau ombi lingekwenda na ile saa nane ya usiku, kampuni ingetujibu kwa ukweli kabisa kwamba saa hiyo hakuna kitu, na jalada lingefungwa. Andikeni saa kwa tarakimu, mkitaja ni saa za wapi, hadi sekunde. Pale mnapokuwa na anwani ya IP ya mtandao wa simu, yaani nambari inayotambulisha muunganisho kwenye intaneti, ulizeni pia nambari ya poti, ile nambari ya ziada inayotenganisha miunganisho iliyo nyuma ya anwani moja, kwa sababu kampuni zetu za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na bila poti na sekunde hamtamjua nani ni nani.

Kuhusu ombi lenyewe la kuhifadhi, kifungu cha 29 cha Mkataba wa Budapest kimeeleza linalotakiwa, na hata kama nchi yenu si mwanachama, kiigeni tu. Taja ni mamlaka gani inayoomba, kosa ni lipi na ukweli wa kesi kwa ufupi, data gani zishikwe na zinahusiana vipi na kosa hilo, nani anazo, kwa nini haziwezi kungoja, na kwamba mnakusudia kuleta ombi rasmi. Hilo la mwisho vijana hulisahau, na ndilo linalomfanya mwenzako wa upande wa pili akuamini. Mkataba unasema data zishikwe kwa muda usiopungua siku 60, na sheria ya Marekani inaipa kampuni amri ya kushika kwa siku 90, zinazoweza kuongezwa nyingine 90 zikiombwa. Hesabuni siku hizo tangu usiku ule wa kwanza, na barua rasmi ianze kuandikwa asubuhi inayofuata. Hifadhi kwanza, omba baadaye, lakini baadaye isiwe mwakani.

Nalisisitiza hili kwa sababu lipo jambo linalonichoma hadi leo. Kabla ya kesi ya ankara, alikuja mama mmoja ambaye binti yake alikuwa akitishiwa na mtu asiyemjua kwamba picha zake zitasambazwa asipotuma pesa. Niliandaa ombi la kuhifadhi jioni ileile. Mkubwa wangu, ambaye simtaji, wala ofisi yake siitaji, alilisoma akalirudisha, akisema kwamba barua ya kwenda nje haitoki pasipo idhini ya ofisi tatu, na kwamba mimi nina haraka kana kwamba mtoto ni wangu. Nilieleza kwamba ombi la kuhifadhi halimfunui mtu siri yoyote, halimkamati mtu, na kwamba chini ya mkataba nchi nyingi haziulizi hata kama kosa hilo ni kosa kwao pia, kwa kuwa kinachoombwa ni kutofuta tu. Nikaambiwa nifuate utaratibu. Karatasi ikazunguka ofisi hadi ofisi, na ilipotoka, akaunti ilikuwa imefutwa na kumbukumbu zake zimekwisha muda. Yule mama aliendelea kupiga simu kuuliza, na mimi ndiye niliyeachiwa kumjibu. Baadaye nilimsikia mkubwa huyohuyo katika kongamano akihutubia juu ya umuhimu wa kasi katika ushirikiano wa kimataifa. Watu walipiga makofi, nami pia nilipiga, kwa adabu.

Ndugu zangu, ngojangoja huumiza matumbo, na katika kazi hii linaloumia ni tumbo la mtu mwingine. Heshima ya ofisi haipimwi kwa idadi ya mihuri. Mwenzako aliyeko zamu London au Washington usiku wa manane hajui cheo cha bosi wako wala hakihitaji, bali anahitaji kujua anayemwandikia ni mtu wa ofisi iliyo kwenye orodha ya ofisi hizi, na kwamba anachoombwa anaweza kukitekeleza kabla zamu yake haijaisha. Uaminifu huo hujengwa pia kwa kuwajibu wao wanapotuomba sisi. Nchi isiyopokea simu usiku isishangae simu zake zikiita bila kupokewa. Nimeona maombi ya kutoka nje yakilala siku nyingi kwa kisingizio kwamba mhusika yuko likizo, kana kwamba saa 24 maana yake ni saa za Ofisa Fulani.

Nirudi kwa kijana wangu. Kwa kesi uliyo nayo, peleka leo ombi la kuhifadhi kupitia dawati la mawasiliano, na angalia pia kama kampuni hiyo ina lango lake la mtandaoni la kupokea maombi ya vyombo vya dola, maana kampuni kubwa kadhaa hupokea maombi ya kuhifadhi moja kwa moja kutoka kwa polisi wa nchi za nje. Kisha kaa na mwendesha mashtaka muandike ombi rasmi, mkitenganisha taarifa za mteja aliyesajili akaunti, kumbukumbu za kuingia na maudhui, kwa kuwa maudhui ndiyo yenye masharti mazito zaidi, na huenda kesi yako isiyahitaji kabisa.

Na kuhusu ile nafasi, iombe. Ila siku ya usaili, watakapokuuliza kama una swali, waulize ofisa wa zamu ana mamlaka ya kupeleka ombi la kuhifadhi usiku bila kungoja saini ya mtu mwingine, ama sivyo. Wakisema anayo, waulize imeandikwa wapi. Mimi niliwauliza hayo nilipokuwa nikiitafuta nafasi kama hiyo, wakatazamana, na kazi akapewa mwingine.